Mtoto Tuliyeshindwa Kumpa Jina

Siku ile tulikuwa watu saba ndani ya nyumba yangu ya mtaa wa Mbotela, na nyumba zetu hizi mnazijua, kanjo, yaani halmashauri ya jiji, walizijengea mtu na kitanda chake basi. Nilikuwa mimi mwenye nyumba. Alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu ambaye ni marehemu, niliyemlea tangu akiwa wa nasari. Alikuwa mumewe, Mchina, mwenye duka la vigae na kaka yake huko Embakasi. Alikuwa mama yake huyo mume, aliyetoka kwao China kuja kumwangalia mzazi. Alikuwa mwanangu wa kiume, dereva wa lori, ndiye mjomba wa mjukuu wangu. Alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, Mkikuyu anayeuza njegere na mahindi mabichi sokoni Muthurwa, ambaye tumekaa ukuta kwa ukuta tangu wanetu wakiwa na kamasi. Na alikuwa mtoto mwenyewe, msichana, hata shingo haijakaza, amefungwa akafungika kama mkate wa dukani. Yeye ndiye aliyetukusanya.

Majina ya hawa wote ninayo, ila moja. Hapa estate watu wananijua kwa hilo. Niulize nani alikaa ile nyumba ya mwisho kabla ya fundi wa viatu, nitakwambia jina lake, la mkewe, la watoto, hata la mbwa wao. Darasani nilikaa kidogo sana, kwa hivyo kila kitu changu nilikiweka kichwani. Lakini mjukuu wangu aliniomba, kama nitaandika mambo haya, nisimtaje. Nami nikaona nikiacha lake niache ya wote, mtu asije akasema nina upendeleo.

Lazima niwaeleze kwanza habari ya majina kwetu, ndiyo mwelewe kilichoniuma. Sisi Wakamba mtoto hatumtafutii jina jipya kama mtu anayetafuta jina la kioski. Anapewa la mtu aliyekuwepo. Msichana wa kwanza ni wa mama wa mume. Wa pili ni wa mama wa mke. Mimi nilipozaa binti yangu, mama mkwe wangu alikuja, akasikia jina lake mwenyewe likiitwa juu ya mtoto, na yule mama ambaye tangu niolewe alikuwa hajanionyesha jino, alivua shanga zake shingoni akamvisha mtoto, akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo tukapatana. Na kwa sababu jina la mkwe hulitaji ovyo, mimi binti yangu nilikuwa namwita "mama". Mama njoo ule. Mama vaa viatu. Ndivyo nilivyomwita mpaka alipokufa, na hata hospitalini nilimwita hivyo, manesi wakadhani ni mimi mgonjwa ninayemlilia mama yangu.

Jina lenyewe kwa lugha yetu ni la mvua. Hilo mliweke.

Binti yangu aliacha mtoto mmoja tu. Baba ya mtoto hakujulikana alikoelekea, kwa hivyo mtoto akapewa jina langu. Ni wajina wangu. Tukawa wawili ndani ya nyumba tunaitwa jina moja, na mtu akibisha na kuliita, tunaitika wote.

Kichina kiliingia kwangu kupitia jikoni. Mjukuu wangu alipofika chuo kikuu alichagua kusomea lugha hiyo. Mjomba wake akamcheka. "Yaani umeacha uhasibu, umeenda kusomea ching-chong?" Mjukuu akamjibu, "Mjomba, ukiongea hivyo mbele ya hao watu unaopakia mizigo yao, utarudi nyumbani kwa miguu." Huyo alikuwa na mdomo tangu utotoni.

Jioni alikuwa anakaa nami nikisukuma chapati, na kwenye ubao, pale unga uliponyunyizwa, anaandika alama zake kwa kidole. Nikimaliza donge moja napangusa, naye anaandika nyingine. Mimi nilijifunza kusoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, baada ya kufiwa na mume wangu. Mwalimu wetu alitwambia herufi ni chache, unazichanganya kama mahindi na maharagwe, unapata neno lolote unalotaka. Kwa hivyo nilimuuliza mjukuu wangu, "Hawa zao ni ngapi?"

"Hazina mwisho, susu." Susu ndiyo bibi kwa Kikamba. "Hawana a-e-i-o-u. Kila alama ni kama neno. Ukitaka kusoma gazeti, lazima uwe unajua maelfu."

"Na mtoto wao wa darasa la kwanza anazimezaje?"

"Anaandika moja tena na tena mpaka mkono ukumbuke wenyewe."

Hiyo niliipenda. Mimi mwenyewe kuna vitu mkono wangu unakumbuka ambavyo sijawahi kuviweka kwa maneno.

Nikamuuliza ni picha? Akasema chache ndizo zilikuwa picha zamani. Akaniandikia mtu, miguu miwili inatembea. Akaniandikia mti. Akaweka miti miwili pamoja, akasema hicho ni kichaka, akaweka mitatu, akasema huo ni msitu. Nikacheka, nikamwambia hao ni watu wa akili, na kwetu tungekuwa tumeshakata mmoja wa makaa. Halafu akachora mstari juu, chini yake kitu kama fremu ya dirisha, na ndani ya dirisha akadonoa matone manne.

"Hii ni mvua, susu."

Nikaacha kusukuma. Chapati iliyokuwa kwenye karai ikaungua, harufu ikafika kwa jirani, akapiga ukuta kuuliza kama tumelala. Mimi nilikuwa naangalia lile jina la binti yangu juu ya unga. Jinsi lilivyo. Watu walioko huko mbali, hawamjui, hawajui Machakos iko wapi, na wanaandika jina la mtoto wangu kila siku kwa magazeti yao.

Mjukuu wangu akaniona. Akanishika mkono wenye unga, akasema, "Susu, mimi nikizaa msichana, nitamrudisha mama."

Nikamwambia, "Wa kwanza ni wa mama wa mume. Usianze na vita."

"Basi nitampa yote mawili. La mama mkwe na la mama."

Alisema hivyo kwa mdomo wake, na hakuna aliyemlazimisha. Na mimi nikajifunza kuiandika ile alama. Ndiyo peke yake ninayoijua sawasawa. Nikiwa na unga mkononi, kidole kinaenda chenyewe.

La kwanza kuniuma lilikuja mwaka huohuo, na nililimeza. Alirudi siku moja akisema mwalimu amewapa majina ya Kichina. Nikamwambia, "Niandikie langu nilione." Akasita. Akasema jina letu haliingii vizuri. Kwamba kwa Kichina huwezi kuandika sauti tupu, kila kipande cha jina lazima ukitafutie alama, na kila alama tayari ina maana yake, sasa ukilazimisha jina la Kikamba, linatoka maneno ya ovyoovyo, watu watacheka. Kwa hivyo mwalimu alimpa jingine, zuri, lenye maana ya utulivu.

"Sasa mimi wamenipeleka wapi?" nikauliza.

"Uko kwa kitambulisho, susu."

Alisema akicheka, nami nikacheka. Nikarudi kwa chapati zangu.

Alipomaliza shule akawa mkalimani kwenye duka la vigae, na huko ndiko alikompata huyo mume, au huyo mume alimpata. Sina neno baya juu ya kijana. Alikuja hapa, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala githeri akaongeza, na Kiswahili chake ni kile cha watu wa Embakasi, cha "niaje shosho", yaani hujambo bibi. Harusi ikafanywa. Lakini kwenye simu na watu wa kwao nilikuwa nasikia wakimwita mjukuu wangu kwa lile jina la utulivu, na yeye anaitika. Wajina wangu, anaitika.

Mimba ikaja. Wakakaa mtaa wa Fedha, gorofa ya juu, na yule mama akaja kutoka China na sanduku limejaa vitu vya kuchemsha. Mtoto alipozaliwa, yule mama alimfungia mjukuu wangu ndani mwezi mzima. Asishike maji baridi. Asipigwe na upepo. Asioshe nywele. Watu wengine walishangaa, jirani yangu akasema huyo mzungu wa China anamtesa mtoto wetu. Mimi nilimtetea. Nilimwambia, hata sisi zamani mzazi alikuwa haguswi na kazi. Nilipeleka uji wa wimbi na supu ya mbuzi, yule mama akapokea mlangoni kwa mikono miwili, akanusa, akatingisha kichwa akikubali. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wetu kabisa, tumetofautiana sufuria tu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiandaa. Nilimpigia mjukuu wangu simu, nikamuuliza, "Mama mkwe wako anaitwa nani? Jina lake kamili."

"La nini, susu?"

"Nimjue. Mtu anakuja kwangu, simjui jina?"

Akanitajia. Halafu akasema, "Lakini usimwite hivyo. Mwite mama tu."

Nikasema, ehe, si nilisema ni watu wetu? Jina la mkwe halitajwi ovyo. Linawekwa kwa mtoto.

Nikaanza kulifanyia mazoezi. Si jina la kukimbia nalo. Linapanda, linashuka, linakatika. Jirani yangu alikuwa anakuja na gunia la njegere tunabambua pamoja, na mimi nalisema, naye ananisahihisha, ijapokuwa hakujua lolote.

"Hapana, umelishusha kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo," ananiambia. "Lipandishe mwisho."

"Umelisikia wapi wewe?"

"Sijalisikia. Lakini hilo lako linasikika kama umekanyagwa."

Mpaka likakaa. Mnajua Kikamba nacho kinapanda na kushuka, kwa hivyo haikuwa kazi ngeni kabisa kwa ulimi wangu. Nililishika kama wimbo. Nilikuwa nataka siku hiyo yule mama asikie jina lake kutoka kwa mtu wa Mbotela, bila kasoro, likiwekwa juu ya mjukuu wake wa kwanza, na avue chochote alichovaa shingoni, na alie kama mama mkwe wangu alivyolia. Halafu, baada ya lake, niite la binti yangu. Nilikuwa nimelipanga hivyo, lake mbele, la mtoto wangu nyuma. Kwa heshima.

Basi wakaja. Mwezi ulikuwa umeisha, mzazi ametolewa nje. Yule mama alibeba bakuli la mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi nyekundu, kwao ndivyo mtoto anavyotangazwa. Mimi nilikuwa nimepika pilau, na mwanangu alileta nusu ya mbuzi, maana mbuzi mzima bei yake siku hizi ni ya matajiri. Tukala. Na kwa sababu mjukuu wangu ndiye daraja la wote, kila mtu alimrundikia maswali.

Mwanangu akaanza. "Sasa hawa kama hawana ABC, wanatumaje meseji? Simu ina vitufe elfu?"

"Mjomba, wanaandika sauti kwa herufi hizihizi zetu, halafu simu inawaletea alama wachague."

"Kwa hivyo ABC wanazo! Wanatuficha tu."

Mume wa mjukuu wangu akacheka, akasema, "Tunaficha, ndio. Bei pia tunaficha."

Jirani yangu akataka kujua kama wote huko wanaongea lugha moja. Mjukuu akamwambia hapana, hata mama mkwe wake akiongea na dada zake Kichina cha nyumbani, yeye aliyesomea chuo haambulii kitu. Lakini wakiandika, wanasomana.

"Inawezekanaje?" jirani akauliza.

"Fikiria wewe na susu mna alama moja ya maji. Wewe ukiiona unasema *mai*, susu anasema *kiw'u*. Mdomo tofauti, alama moja."

Jirani yangu akanigeukia. "Unaona? Tungekuwa na hiyo, tusingekuwa tunapigana kila uchaguzi."

"Tungepigania nani aliichora," mwanangu akasema.

Mwanangu akauliza tena kama ni kweli neno la mama limeandikwa kwa picha. Mjukuu akaeleza kwamba upande mmoja ni mwanamke, na upande mwingine ni farasi.

"Farasi!" Jirani yangu akaweka sahani chini. "Hiyo iliandikwa na mwanaume, hakuna mjadala."

"Farasi ni wa sauti tu, shosho. Nyingi zao ziko hivyo, nusu inakuonyesha maana, nusu inakupa sauti."

"Wacha, mpenzi. Mimi nimezaa sita. Huyo farasi ni wa maana."

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka. Yule mama naye alicheka alipotafsiriwa, akanimenyea yai jekundu, akaniwekea kwenye sahani, vidole vyake vimekuwa vyekundu vya rangi. Nawaambia haya yote mjue kwamba siku ilikuwa nzuri. Iliharibikia mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nimeileta kwa mapenzi yote.

Kwetu wanawake waliozaa ndio wanaompa mtoto jina. Nikasimama. Nikamchukua mtoto kutoka kwa mjukuu wangu. Mjukuu wangu akaniangalia, na nikiikumbuka ile sura sasa najua ilikuwa ya nini, lakini wakati ule nilidhani ni furaha. Nikasema kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili ili jirani aelewe, kwamba mtoto huyu amekuja na hakuja peke yake, amekuja na mtu wake. Nikamgeukia yule mama, nikamwinulia mtoto, nikaliita jina lake. Kamili. Lilipanda mahali pa kupanda, likashuka mahali pa kushuka.

Uso wa yule mama ulifungwa. Sijui niseme vipi vingine. Kama duka likifungwa kukiwa na fujo barabarani, mabati chini mara moja. Alimwangalia mwanawe. Nami nikadhani hajasikia vizuri, kwa hivyo nikarudia, na nikamgusa mtoto kifuani, kumwonyesha. Ni huyu. Huyu sasa ndiye wewe.

Alisimama akanitoa mtoto mikononi. Hakuninyang'anya, sitaki kusema uongo, lakini hakuniomba. Akasema maneno, mengi, kwa sauti ya chini.

"Amesema nini?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Amesema asante, susu."

Mimi sijui Kichina, lakini uso wa asante naujua. Nikauliza tena. Mjukuu wangu akaanza kukusanya sahani. Ni yule kijana aliyenijibu, amesimama, kichwa ameinamisha.

"Shosho, pole. Wewe hukujua. Kwetu jina ya mzazi hatupei mtoto. Hata kulitaja tu hatulitaji. Ukimpa mtoto, ni kama umemtukana mzazi. Kama umesema yeye amemaliza, aende."

Mwanangu akaangalia sakafu. Yule mama akasema kitu kingine, na safari hii mjukuu wangu alitafsiri bila kuombwa, mgongo wake kwangu. "Anasema yeye ni mzee, lakini hajachoka kuishi."

Nikamwambia amwambie mimi pia ni mzee. Nikamwambia amwambie kwetu tunafanya hivyo ili mtu asimalizike. Sijui kama alimwambia. Maneno yangu yalikuwa mengi, na yaliyotoka mdomoni mwake kwenda upande wa pili yalikuwa mafupi.

Hapo ningeketi. Mtu mwenye busara angeketi. Lakini nilikuwa bado na jina moja, na ndilo lililonifanya niamke asubuhi ile. Nikasema, "Basi lako tuliache. Tumpe la mama yake huyu mjukuu wangu. La binti yangu." Na kwa kuwa niliona maneno yananisaliti, nilivuta ubao wa chapati, nikanyunyiza unga, nikaandika. Mstari, dirisha, matone manne. Nikamsogezea yule mama. Yeye hasomi Kiswahili wala mimi sisomi chake, lakini hiyo tungeisoma wote.

Aliiona. Akanyoosha uso kidogo, akashangaa bibi wa Mbotela kaijulia wapi. Akamuuliza mwanawe. Mwanawe akamweleza, na nilijua ameeleza yote, maana nilimwona yule mama akiniangalia kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, huku akimvuta mtoto karibu na kifua na kumfunika kichwa.

"Anasema pole kwa mtoto wako," kijana akaniambia. "Lakini jina ya mtu amekufa akiwa kijana, huwezi kuweka kwa mtoto mdogo. Itamfuata." Kisha akasema, na nadhani alitaka kunisaidia, "Na shosho, mtoto ako na jina tayari. Babangu alichagua kabla azaliwe. Watoto wote wa upande wetu wa rika hii wanashiriki alama moja, halafu kila mtu na yake."

Tayari. Kabla azaliwe. Na mimi na njegere zangu, napandisha na kushusha.

Jirani yangu ndiye aliyeokoa watu. Alisema chai inapoa, ijapokuwa hakuna aliyekuwa ameweka chai. Wakaondoka jua likiwa bado juu. Yule mama alinishika mikono yote miwili mlangoni, akaniachia bakuli la mayai. Niliyagawa kwa majirani. Mimi sikula hata lile aliloniwekea sahanini.

Mjukuu wangu alirudi peke yake siku chache baadaye. Alikaa jikoni, pale pake. Sikumzungusha.

"Ulijua?"

"Nilijua, susu."

"Tangu lini?"

"Tulifundishwa mwaka wa kwanza. Habari ya majina."

Mwaka wa kwanza. Yaani jioni ile, ya chapati iliyoungua, alikuwa ama amejua ama anakaribia kujua. Maswali yangu yote alinijibu. Alama ni ngapi, ni picha au si picha, simu inaandikwaje, wanasomanaje. Hili moja, ambalo lilikuwa langu, hakunijibu kwa sababu sikujua kuliuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifuta ubao kwa kiganja ijapokuwa ulikuwa safi. "Nilidhani utasahau," akasema.

Mimi. Nisahau jina.

Nikamwambia aende, mtoto atakuwa analia. Akaniuliza kama nimekasirika, nikamwambia nimechoka. Kama angeniuliza jambo lingine, pengine ningemjibu vizuri zaidi.

Biashara ya vigae ilipopungua walihama, wakaenda kwao kijana. Sasa tunaonana kwa simu, mwanangu akiwa na bando. Mtoto amekuwa mkubwa, ana kinywa kama cha mama yake, na kidevu ni cha binti yangu kabisa, kile cha kusukuma mbele akikataa kitu. Kiswahili hajui. Mama yake huwa anasema, "Msalimie susu," na mtoto ananipungia kama anapungia gari.

Na sasa niwaambie jambo ambalo watu wa hapa hawataamini. Jina la huyo mtoto silijui. Nimeambiwa. Nimeambiwa tena. Mjukuu wangu amelitamka polepole, amenirudishia, akaniambia, "Susu, wewe hushindwi na jina, hata la mama mkwe ulilishika." Kweli, la mama mkwe wake ninalo mpaka leo, na nitakufa nalo, limekaa kichwani halina wa kulivaa. Lakini la mtoto likiingia kwa sikio hili linatafuta mahali pa kukaa, linakuta pamekaliwa. Mimi namwita "mama". Mjukuu wangu anasikia, anajua maana yake, na mara zote picha inaanza kukwama, au anasema mtandao ni mbaya.

Haya ndiyo niliyoyaandika, kwa herufi zangu chache za ngumbaru. Kama nimekosea nani alikaa wapi siku ile, au kama nyama ilikuja kabla ya pilau, jirani yangu bado yuko hapa ukuta wa pili, na mwanangu akitoka safari atasoma, wanisahihishe, nitakubali. Kama nimeielewa vibaya desturi ya wale watu, yeyote anayeijua vizuri zaidi aniambie, bado nina masikio. Lakini ile ahadi ya jikoni, kama hakuisema, au kama aliisema kwa namna nyingine na mimi ndiye niliyeisikia nilivyotaka, anayeweza kunirekebisha ni mmoja tu. Namba yangu anayo. Akitaka aniandikie kwa Kikamba, kwa Kiswahili, au kwa alama zake. Hizo nitatafuta wa kunisomea.